Mzungu wa Kagongwa aliyekataa kumtaja Bosi kwenye wimbo, mpaka siku tunamzika

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Hii siyo chai. Anayetaka chai, jikoni kwake kuna birika. Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu, mengine nimeyapiga kwa gitaa langu, na mashahidi wapo kuanzia Kahama mpaka Nkome.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka aruke mpaka mwisho, ingawa mwisho peke yake hautamsaidia kitu.

Mimi ni mpiga gitaa. Naongoza bendi moja hapa Kahama, bendi ya ukumbini na harusini, ya kawaida tu. Jina langu mtaniwia radhi. Humu ndani wote tuna majina ya bandia, sioni kwa nini niwe shujaa peke yangu.

Kwanza niwaeleze biashara yetu, maana bila hilo hamtaelewa ugomvi ulikuwa wa nini.

Bendi za huku haziishi kwa kiingilio. Zinaishi kwa majina.

Katikati ya wimbo, magitaa yakipoa, mwimbaji anaanza kushusha: fulani wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, fulani wa mpunga, mama fulani wa vitenge. Aliyetajwa anasimama, anacheza kwa madaha hadi mbele, anamtunza mwimbaji hela. Asiyetajwa ananuna, na wiki inayofuata anawahi kufika ili aongee na mwimbaji pembeni.

Mimi nilikuwa bingwa wa hiyo kazi, nasema bila aibu. Niliwahi kumtaja broka mmoja wa dhahabu katikati ya wimbo wa kumlilia marehemu, na alisimama akacheza.

Sasa ndani ya biashara hiyo akaingia Mzee Alfi.

Mzee Alfi alikuwa Mwingereza. Kabla hamjauliza: hapana, hakuwa na dhahabu iliyofichwa. Hapana, hakuwa Freemason. Na hapana, hakuwa na hela. Najua mzungu asiye na hela anawapa watu shida, hata sisi ilituchukua muda kuzoea.

Alikuja huku kama fundi umeme wa kontrakta mmoja, enzi zile migodi ilipokuwa inachangamka upande wa Buzwagi. Mkataba ukaisha, wenzake wakapanda ndege. Yeye akahamia Kagongwa kwa Mama Kabula.

Mama Kabula ni mjane mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kabula ni binti yake wa kwanza, kaolewa Nzega. Kama umewahi kununua mchele wa Kagongwa, yawezekana kabisa umepita mikononi mwa yule mama, na yawezekana pia alikugombeza. Ni mwanamke wa maneno machache, ila yote makali.

Mimi nilimkuta Mzee Alfi siku nimepeleka magunia yangu ya mpunga. Nimekaa nasubiri zamu, nasikia gitaa nyuma ya mashine. Nikafuata sauti. Nikamkuta mzee wa kizungu, mrefu, kakonda, kavaa kandambili na kofia ya pamba, kakaa juu ya gunia la pumba anapiga huku amefumba macho.

Nikasikiliza, nikaona kuna jambo. Gitaa lake halikuwa na sauti ya kawaida. Alikuwa ametyuni nyuzi zote zifuate mlio wa mashine. Ule muungurumo unaotufanya sisi tupige kelele ndipo tusikilizane, yeye alikuwa ameufanya mpiga besi wake.

Nikamsalimia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Akanijibu:

"Wangaluka, ngosha."

Salamu ya Kisukuma, safi kabisa. Kiswahili chake alijifunza kwa wabeba magunia, kwa hiyo kilikuwa na matusi mahali ambapo mimi na wewe tungeweka "tafadhali". Lakini alieleweka.

Baadaye ndiyo nikajua huyu mtu kwao alikuwa mwanamuziki wa rock. Siyo wa kubahatisha. Alikuwa na rekodi mbili madukani, na watu walikuwa wanajaza kumbi kumsikiliza.

Mnataka kujua kwa nini akaishia kwenye pumba za Kagongwa? Nitawaambia kama alivyoniambia.

Baba yake alikuwa mchimbaji. Makaa ya mawe, siyo dhahabu, lakini shimo ni shimo. Siku moja shimo likashuka, likawafunika wengi, baba yake akiwemo. Mwaka mmoja baadaye ikafanyika hafla ya kumbukumbu. Yeye alikuwa bado mtoto, kashikwa mkono na mama yake.

Mtu akapanda jukwaani akaanza kusoma majina. Mkuu fulani, mheshimiwa fulani, mwenyekiti fulani, mke wa mwenyekiti fulani. Wote wale waliokaa kwenye viti. Mtoto Alfi akasubiri asikie jina la baba yake.

Halikuja. Majina ya waliokufa hayakusomwa hata moja. Watu wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai.

Sisi tungesema itifaki ilizingatiwa.

Alipokuwa mkubwa akatunga wimbo. Ule wimbo una mahali ambapo kila kitu kinanyamaza. Hakuna gitaa, hakuna ngoma, hakuna mtu anayeimba, kimya tu cha kutosha mtu kuvuta pumzi mara kadhaa. Halafu wimbo unaendelea.

Nikamuuliza, Mzee, hapo kwenye kimya pana nini?

Akasema, "Hapo ndipo wanakaa wale. Mimi siwajui wote. Nikitaja mmoja, nimemtupa mwingine. Kwa hiyo hapana taja."

Kampuni ya rekodi ikamwambia wimbo ni mzuri sana, ila pale kwenye kimya waweke tarumbeta, kwa sababu redio ikikaa kimya msikilizaji anadhani imeharibika. Akakataa. Wakamwambia basi apunguze kimya kiwe nusu. Akakataa. Televisheni ikamwita, lakini kwa masharti aigize tu kuimba huku rekodi inacheza, yaani pleibeki, ile wanayotufanyia wasanii wetu hapa na bado tunawashangilia. Akaacha gitaa lake mlangoni kwao akarudi nyumbani kwa miguu.

Wakamwacha. Akasomea umeme.

Nilipomwambia "pole Mzee", alicheka mpaka akakohoa. Akasema umeme ndio bosi pekee aliyemheshimu, maana haubembelezi mtu na haubembelezwi.

Basi nikamwomba aje kwenye bendi. Nilimwomba kwa tamaa, sitawaficha. Niliona mzungu mwenye gitaa jukwaani Kahama, nikaona foleni mlangoni.

Ule wimbo wake tukauweka kwa Kiswahili. Mama Kabula ndiye alinyoosha maneno, huku anapima mchele na kumsahihisha bila hata kugeuka. Ukaitwa "Chini Kuna Watu":

*Juu kuna taa, juu kuna meza,*
*juu wageni wanapongezana.*
*Chini kuna watu.*

Halafu kimya.

Wakuu, siku ya kwanza tunaupiga ukumbini nilitaka kufa kwa aibu. Tumefika pale, kimya kikaingia, na ukumbi mzima ukafikiri ndiyo zamu ya majina. Watu wakaanza kujiweka sawa kwenye viti. Wanaume wakarekebisha mashati. Kimya kikaendelea. Mzee Alfi amesimama mbele ya mikrofoni, macho mbele, mdomo kaufunga.

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Taja!"

Hakutaja. Wimbo ukaendelea.

Mbele kabisa alikuwa amekaa Bosi.

Nitamwita Bosi tu. Jina lake siandiki, na mkifika mwisho mtaelewa. Ni mwenye maduara kule Geita, kwa wasiojua duara ni shimo la dhahabu, na huyu anayo mengi. Ana karasha zake, na ule ukumbi tunaopigia ni wake. Na vyombo ni vyake pia. Magitaa, spika, ngoma, mikrofoni, mpaka nyaya. Bendi yetu ilikuwa na vipaji tu, vilivyobaki vyote vilikuwa vya Bosi.

Bosi alikuwa amezoea kutajwa mara nyingi kuliko maneno ya wimbo wenyewe. Akaniita mezani.

"Kiongozi, huyu babu vipi? Hajaambiwa mimi ni nani?"

"Ameambiwa, Bosi."

"Sasa?"

Nikamfuata Mzee Alfi nyuma ya jukwaa, nikambembeleza. Nikamwambia ni jina moja tu, linakaa vizuri kabisa pale kwenye kimya, hata mizani ya wimbo haiharibiki.

Akanitazama, akasema, "Bosi ana mdomo? Ajitaje mwenyewe."

Nilirudi mezani nikasema mzee leo koo linamsumbua.

Koo likaendelea kumsumbua miaka.

Bosi alimpelekea mbuzi. Mzee Alfi akamshukuru, wakamla yule mbuzi, na Jumamosi kimya kikawa kilekile. Bosi akamletea viatu vya ngozi, akavivaa kwa heshima zote jukwaani, kimya. Bosi akatupeleka Nkome, kule ziwani, alipokuwa anazindua mtumbwi wake mpya wa injini, makusudi kabisa, akijua mbele ya wale wavuvi na kina mama wa dagaa mzee ataona aibu.

Nkome ndiyo ilikuwa vichekesho. Tumefika kwenye kimya, yule kijana wa jenereta akadhani vyombo vimekufa. Akazima jenereta akaanza kufungua plagi. Kina mama wanamzomea, Bosi anatokwa jasho, na Mzee Alfi kasimama palepale ufukweni anatabasamu. Alisema hakijawahi kupatikana kimya kizuri kama kile tangu atunge wimbo.

Sasa sikilizeni maajabu ya biashara. Watu walizidi kuja. Wafanyabiashara walikuwa wanatoka Shinyanga mjini na Geita kuja kujaribu kama wao watatajwa. Walikuwa wanawekeana dau mezani. Mtu anafika na watu wake, anaagiza, anakaa mbele, anasubiri kimya kama anasubiri matokeo ya mtihani. Hatajwi. Anarudi wiki ijayo.

Mimi na ubingwa wangu wote wa kumwaga majina sijawahi kujaza ukumbi vile.

Msidhani nawaletea malaika. Mzee Alfi alikuwa anachosha. Alikataa kupiga kwenye harusi ya jirani yake kwa sababu walitaka wimbo wa keki. Mjukuu wa Mama Kabula alipotimiza mwaka, alikataa kumwimbia kwa sababu wimbo wenyewe "ni wa kila mtu na si wa mtu". Mtoto analia, mzee anatoa hoja.

Na kwao Uingereza alikuwa na binti. Hawakuwa wanaongea. Alipoolewa walimwomba baba mtu aimbe wimbo mmoja wa mapenzi wa redioni, wageni wanaupenda. Akakataa, wakagombana, harusi ikapita bila yeye. Aliniambia hilo huku anafunga waya wa swichi, hakuinua uso. Mimi niliumia. Nilitamani siku ile angeimba tu ule wimbo wa kijinga.

Hata Mama Kabula alimlalamikia mbele yetu. Siku hiyo tunafanya mazoezi pale mashineni, mama akasimama mlangoni na debe lake.

"Wanaume wa wenzangu wanawaimba wake zao mpaka watu wanajua. Mimi hata hapo mnaponyamaza hunitaji?"

"Hata wewe," Mzee Alfi akasema. "Wewe mdomo unao kuliko wote."

Wabeba magunia walicheka mpaka wakakaa chini. Mama naye alicheka, lakini niliona lilimgusa.

Mwaka huu mzee akaanza kukohoa zaidi. Mapafu. Akawa anakuja ukumbini anaimba amekaa, halafu akawa haji. Siku za mwisho alilala chumba kilichopakana na mashine kwa sababu alisema akisikia ule muungurumo anajua yuko wapi. Akafa mchana, mashine ikiwa inafanya kazi. Mama Kabula akaizima.

Nililia, wakuu. Sina maneno ya kupamba hapo.

Halafu kamati ikaundwa.

Mnaijua kamati. Kufikia jioni tayari kulikuwa na mwenyekiti, katibu, mtunza hazina, kundi la WhatsApp na mtu anayeuliza kwa nini hajaingizwa kwenye kundi. Mwenyekiti alikuwa Bosi. Alisema gharama zote ziko juu yake, turubai, jeneza, masufuria, magari. Mama Kabula akaitikia kwa kichwa tu, kwa sababu msibani huwezi kumfukuza mtu.

Zikachapwa fulana. Mbele picha ya Mzee Alfi anacheka, nyuma jina la karasha za Bosi na namba ya simu.

Akakodiwa na MC. Msibani. Na kwa kuwa marehemu hakuwa na dini, akatafutwa mchungaji wa jirani aliyekubali kusali kwa sharti asiulizwe maswali.

Mtu mzima aliyeacha utajiri kwao ili asiwekewe tarumbeta, sasa amelala kimya ndani, na nje kila mtu anamwekea tarumbeta yake.

Siku moja kabla ya mazishi Bosi akaniita kwenye gari lake. Kioo kikapanda.

"Kiongozi, kesho mtapiga ule wimbo wenu pale kaburini."

"Ndiyo, Bosi."

"Pale kwenye kale ka-kimya, jina langu. Mara moja tu. Sikuombi wimbo mzima." Akafuta miwani yake. "Na vyombo ni vyangu. Sikutishi, nakukumbusha tu kama ndugu."

Nilishuka kwenye gari lile nikaanza kupiga hesabu. Wenzangu kwenye bendi wana familia. Vyombo vikiondoka, sisi tunabaki kuwa watu wanaojua nyimbo. Na upande wa pili yuko mzee wangu, ambaye maisha yake yote, kuanzia rekodi mpaka binti yake, aliyalipia kwa ajili ya kile kimya tu. Nikikijaza mimi, tena juu ya kaburi lake, atakuwa alipoteza vyote vile bure.

Nikaenda kwa Mama Kabula. Alikuwa amekaa mkekani na kina mama wenzake, khanga kajifunga kichwani. Nikapiga goti, nikamweleza kwa sauti ya chini, nikamuuliza nifanye nini.

Akafikiri. "Baba, wewe ndiye una watoto. Marehemu hali chakula. Fanya utakavyoona."

Yaani bora angenigombeza.

Kesho yake watu walijaa Kagongwa sijawahi kuona. Wachimbaji walikuja na malori, wengine bado wana vumbi la karasha kwenye nyusi. Kina mama wa dagaa walitoka Nkome. Wenye maduka mjini Kahama, Waswahili na Wahindi, walifunga wakaja. Kaburi lilichimbwa shambani, nyuma tu ya jengo la mashine.

MC akaanza. Akawatambua wageni rasmi. Akamtambua mwenyekiti wa kamati, na wajumbe wake. Akawatambua waliotuma rambirambi kwa simu. Akasema itifaki imezingatiwa, halafu akakumbuka mmoja, akarudi nyuma. Marehemu alitajwa baada ya mwenye turubai.

Nikamtazama Mama Kabula. Alikuwa anaangalia jeneza, hata hasikilizi.

Ikafika zamu yetu. Nikashika gitaa la marehemu, nikapiga nyuzi mara moja. Haikuwa sauti yake. Gitaa lile lilikuwa limetyuniwa kwa ajili ya mashine, na mashine ilikuwa imezimwa tangu mzee afe, kama desturi inavyotaka. Bila mashine lilikuwa linalia peke yake kama limepotea.

Nikajaribu tena. Watu wakaanza kukohoa.

Mama Kabula akainua kichwa. Akamwangalia mwendesha mashine wake aliyekuwa amesimama na wachimba kaburi.

"Washa," akasema.

Wazee wakanung'unika. Mmoja akasema kwa sauti, "Kukoboa mpunga msibani? Watu watatuelewaje?"

"Sikoboi kitu," Mama Kabula akamjibu. "Washa."

Umeme siku hiyo ulikuwepo, jambo ambalo nalo ni muujiza wake. Mashine ikaunguruma, tupu, haina mpunga ndani. Na gitaa likakaa mahali pake. Nikaimba.

*Juu kuna taa, juu kuna meza.*

Bosi alikuwa amesimama mbele yangu hasa, upande wa pili wa kaburi. Suti nyeusi, miwani mkononi. Alikuwa ananitazama mdomoni.

*Chini kuna watu.*

Tukanyamaza.

Wakuu, jina la Bosi nilikuwa nalo ulimini. Nililitaja miaka yote, linatoka lenyewe. Nikawaona wenzangu kwenye bendi wananiangalia, nikaona spika zetu zimepangwa chini ya mti, nikaona jeneza.

Nikafumba mdomo.

Kikapita kimya kile cha kawaida, na mimi sikuweza kuendelea na wimbo. Mashine inaunguruma, watu wamesimama, Bosi uso umeanza kubadilika, na hakuna mtu anayejua kinachofuata.

Ndipo sauti ikatoka upande wa kina mama.

"Wande! Wande, ng'wana Mihayo!"

Yaani Wande, mtoto wa Mihayo. Watu wakageuka kutafuta Wande ni nani.

Alikuwa Mama Kabula. Kasimama, khanga imeteleza begani, machozi yanatiririka, anataja jina lake.

Miaka yote ile nimekula kwake, nimekoboa kwake, nimefanya mazoezi kwake, sikuwahi kulijua. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza. Alikuwa Mama Kabula, basi.

Akarudia, safari hii akilielekezea jeneza. "Mimi Wande!"

Mchimbaji mmoja nyuma akapaza lake, na la baba yake. Mwingine akapaza. Kina mama wa Nkome wakadakia. Halafu ikawa kama bwawa limepasuka, kila mtu anataja jina lake kwa nguvu zake zote, juu ya mlio wa mashine. Wengine wakataja ya wenzao waliofukiwa kwenye maduara. Mhindi mmoja mzee wa duka la vifaa akataja la kwake, na mchungaji naye, bila kuulizwa, akataja lake.

Na Bosi?

Bosi alisimama kimya muda mrefu kuliko wote. Halafu nikamwona kifua kinapanda, akapiga kelele. Akataja jina lake. Siyo lile la kwenye fulana. Lile la utotoni, la Kisukuma, na jina la mama yake. Sauti ilimkatikia katikati. Yule mtu aliwahi kuwa mchimbaji asiye na kitu kabla ya yote haya. Alishuka mashimoni kabla hajawa na shimo lake, na nadhani huko chini hakuna aliyewahi kumuuliza anaitwa nani. Ule wimbo aliokuwa anaununua miaka yote ulikuwa unamwimba yeye, ila alikaa mezani kwa wageni hakusikia.

Jina hilo siliandiki hapa. Alijitaja mwenyewe, mimi siyo kazi yangu. La Mama Kabula nimeliandika kwa sababu nilimwomba ruhusa, akaniambia andika, na uliandike vizuri.

Tukamalizia wimbo. Tukamzika.

Nilisubiri Bosi atume gari la vyombo. Kesho yake halikuja. Wiki ikapita, nikakutana naye ukumbini. Ameshika simu, anaangalia klipu ya mazishi iliyorekodiwa na mtu, anairudisha palepale kwenye kelele za majina.

"Kiongozi, sikiliza. Sikiliza hapa." Akaniwekea sikioni. "Unasikia? Babu kanitaja."

Nikasikiliza. Kweli jina lake lilikuwemo, limepasuka katikati, na kila mtu mwenye masikio angejua ni sauti ya nani.

"Nimesikia, Bosi," nikasema.

Vyombo mpaka leo viko palepale jukwaani. Kila Jumamosi tunaupiga ule wimbo, tukifika kwenye kimya mimi nanyamaza, na ukumbi unajitaja wenyewe. Biashara yangu ya majina imekufa, na sijui kwa nini ukumbi bado unajaa. Kule kwao Uingereza nasikia wameandika habari zake, kwamba alikuwa msanii asiyeyumba ambaye dunia haikumtendea haki. Ndio walewale wa tarumbeta. Binti yake aliiona ile klipu. Alipiga simu kwa Mama Kabula, hawana lugha moja ya kuongea, mmoja akataja jina lake, mwingine akataja lake, wakalia, wakakata.

Nilichojifunza mimi ni kidogo tu. Mtu mgumu anakuchosha akiwa hai, na anawaumiza watu wake kweli, tusimpambe. Lakini ukimkuta mmoja, usiwe na haraka ya kumlainisha. Mimi nilimbembeleza mzee yule miaka yote ajaze kile kimya, na angenisikiliza, siku ile Wande asingepata mahali pa kusimama.

Wakuu, mlioko Kahama, Geita na Shinyanga mliokuwepo mnaweza kuongezea nilipopunguza. Wanaotaka kusema ni chai, karibuni pia, ukumbi mnaujua.

Ila komenti za leo nina ombi moja. Humu wote tumejificha nyuma ya majina ya kuchekesha. Ukithubutu, acha la kwako, lile mama yako alilokuita.

Naanza mimi.

Masunga, ng'wana Holo. Kahama.